Ushairi Unatufaa Nini?

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike juu ya faida ya ushairi na fasihi katika maisha ya mwanadamu. Nimekubali, ingawa miongoni mwetu wako wajuzi wanaonipita mbali, na ingawa najua kwamba kurasa kama hizi husomwa baada ya watu kutazama kwanza picha za harusi na majina ya watoto waliozaliwa. Si neno. Aliyefika hapa na anivumilie kidogo.

Sababu ya kuombwa inajulikana. Katika mkutano wetu wa mwaka jana, tulipokuwa tukipanga ratiba ya darasa la watoto la Jumamosi, mzee mmoja ninayemheshimu kama kaka yangu mkubwa alisimama akauliza kwa nini saa nzima ipotezwe katika tenzi na mashairi, hali watoto hata kuamkia kwa Kiswahili hawajui vizuri. Wafundishwe kwanza kusema, alisema, kisha kuandika barua, na wakibakiwa na wakati waongezewe hesabu, kwani shairi halilipi kodi ya nyumba. Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na siku ile halikujibiwa. Saa ya mashairi ikaachwa kiporo mpaka mkutano ujao.

Ukimwuliza mwalimu wa skuli faida ya fasihi atakujibu upesi kwamba fasihi huelimisha, huonya na huburudisha. Ni kweli, lakini khutuba nayo huonya, gazeti nalo huelimisha, na mpira huwaburudisha vijana wetu kuliko utenzi wowote. Kama faida ni hizo tu, basi mzee wetu ameshinda na tukafundishe hesabu. Mimi naona iko faida nyingine, ambayo sisi tuliohama tunaihitaji pengine kuliko waliobaki. Fasihi humwezesha mtu kusema na watu ambao hatakuwapo kuwaona. Tuna wazee wasioacha shamba wala nyumba, na makaburi yao yako mbali na watoto wao. Wanachoweza kuacha ni maneno, na maneno ya kawaida hayakai; yanakwenda na pumzi. Nitaeleza kwa habari za akina mama wawili walioishi zama moja, kila mmoja akihofu kwamba atakufa kabla ya watoto wake kukua.

Wa kwanza ni Mwana Kupona binti Mshamu. Alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulioko katika kisiwa hicho hicho cha Pate. Bwana Mataka kwa miaka mingi alipigana na Sayyid Said bin Sultan akakataa kuwa chini ya Unguja. Kufika mwaka 1858 Mwana Kupona alikuwa mjane, tena mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikwisha kuwa wa muda mrefu. Alikuwa na binti kijana, Mwana Hashima. Miaka michache baadaye alifariki.

Alilolifanya katika ugonjwa ule ndilo ninalotaka tulitazame. Alimwita binti yake akae karibu, achukue wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni anayotaka kumwambia. Na hivyo ndivyo utendi wake unavyoanza. Akayafananisha maneno hayo na hirizi, kisha na kidani cha lulu na marijani. Alitaka mwanawe ayavae, aende nayo. Mengi ni mambo ya kila siku: dini, ulimi mzuri, namna ya kukaa na wakubwa na wadogo, kuepukana na fitina, na zaidi ya yote namna ya kuishi na mume, hata jinsi ya kumtunza alalapo na kumtengeneza ndevu zake.

Mabinti zangu waliposoma sehemu hiyo ya mume walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Mimi mwenyewe simuusii mtu yote yale, na waume wa siku hizi sijui ni wangapi wanaoyastahili. Lakini tumtazame anayesema. Ni mwanamke anayejua kwamba siku zake zimehesabika, mumewe amekwisha kufa, na bintiye atabaki katika ulimwengu ambao mwanamke asiye na mume wala baba hana pa kushika. Anampa silaha anazozijua. Lau angalikuwa na nyingine angalimpa hizo. Nikiusoma utendi ule kwa jicho hilo sioni tena mafunzo ya utumwa, naona mama anayefunga mzigo wa mwanawe usiku, haraka haraka, chombo kikiwa tayari kimetweka tanga.

Na fikirini lau angalisema tu bila ya kutunga. Binti angalikumbuka sauti ya mama, machozi, na mashauri matano au sita. Baada ya miaka ishirini angalibaki na mawili, na wajukuu wasingalipata hata moja. Lakini Mwana Kupona alikuwa na chombo kilichokwisha kuchongwa na waliomtangulia. Utendi una vipande vinne kwa kila ubeti, na kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza vinakubaliana kwa kina, na cha nne kinarudi kwenye kina kimoja kinachotoka mwanzo mpaka mwisho. Beti zake zinapita 100. Watu hudhani vina na mizani ni pambo. Kazi yao ya kwanza ni kushika, kama kamba inavyoshika mzigo juu ya gari. Neno likidondoka, mizani inakuonyesha mahali lilipodondokea, na kina kinakunong'oneza lilivyoishia. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kumsahihisha mtu mzima.

Utendi ule ulinakiliwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, ukapita nyumba hadi nyumba, na hasa katika mikono ya wanawake. Bibi Alice Werner aliuchapisha Marekani mwaka 1917, na mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa kitabu kizima huko Medstead, kijiji cha Hampshire, hapa hapa Uingereza. Mwana Kupona hakuvuka bahari kuja huku. Maneno yake ndiyo yaliyovuka, tena bila ya kuombewa viza.

Atakayesema kwamba wasia ule ulisalimika kwa sababu uliandikwa, na si kwa sababu ya vina, nitamtajia Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka alifariki mwaka 1840. Alikuwa mshairi wa sokoni na barazani, wa vita vya Mazrui na Sayyid Said, wa mapenzi, njaa, kejeli na mafumbo, na mengi ya mashairi yake yalikuwa ya kujibizana na watu waliokuwa hai mbele yake. Hakuacha diwani. Miongo kadhaa baada ya kufa kwake, mmisionari wa Kiingereza W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa Mombasa aliyefariki 1890, alianza kuyakusanya, na walipoyapata zaidi ni vifuani mwa wazee. Diwani yake ilichapwa Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 kamili tangu afariki. Magomvi mangapi ya Mombasa ya mwaka 1830 na kitu tunayajua leo neno kwa neno? Tunayajua yale tu yaliyotiwa mizani. Karatasi za Taylor na za Hichens zimo London katika maktaba ya SOAS, na wengi wetu hupita karibu na hapo tukienda kununua viatu.

Sasa mama wa pili. Huyu ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Baba yake ni yule yule Sayyid Said aliyepigana na mume wa Mwana Kupona, kwa hivyo mabibi hawa wawili walikuwa katika pande mbili za ugomvi mmoja. Katika utoto wa Salme watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Nawaambia vijana wetu wanaolalamika kwamba hawana wakati wa kujifunza herufi: mfupa wa ngamia.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza. Adeni, mwaka 1867, alibatizwa kwa jina la Emily akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akaangushwa na tramu akafa. Salme alibaki na watoto watatu wadogo katika mji wa baridi, hana mtu wake hata mmoja. Kaka yake Sayyid Barghash hakumsamehe, ingawa alirudi kujaribu mwaka 1885; akarudi tena Unguja mwaka 1888. Wengi wanaisimulia habari hii kama hadithi ya mapenzi. Sisi tuliokwisha kukaa nchi za watu tunajua kwamba mapenzi ni sura ya kwanza tu.

Kumbukumbu zake zilichapwa Berlin mwaka 1886. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua ila kidogo juu ya asili ya mama yao, na kwamba wakati ule alikuwa amechoka mwili na roho, hatarajii kuishi mpaka wakue. Mnaona? Ni mama yule yule wa Siyu, amekaa mahali pengine. Naye akaandika namna Mtoni ilivyokuwa, mahamamu, skuli, vyakula, Ramadhani na sikukuu, ugonjwa, vifo, na magomvi ya ndugu. Aliandika kwa Kijerumani, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ya watoto wake. Angefanya nini?

Alipofariki, Jena, mwaka 1924, aliacha pia maandishi mengine, yenye sura ya barua kwa rafiki aliyebaki nyumbani, akieleza maisha yake ya Ujerumani, upweke wake, na namna alivyostahamili. Yalichapwa mwaka 1993. Na hayo pia ameyaandika kwa Kijerumani. Ni barua za kumpelekea mtu wa Unguja katika lugha ambayo mtu wa Unguja asingeweza kuisoma. Nilipolijua jambo hili nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kutembea. Wanasema katika vitu vyake palionekana mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye.

Simdharau Salme hata kidogo. Kitabu chake ni hazina, na bila ya yeye tungalijua kidogo sana juu ya nyumba za Unguja za zama zile upande wa ndani, ambako wageni hawakuingia. Ninachosema ni kwamba binti wa Mwana Kupona alipewa maneno aliyoweza kuyasema kwa mdomo wake, akipika, akimlaza mtoto, akiwa mgonjwa yeye naye. Watoto wa Salme walipewa kitabu cha kusoma. Walikipenda bila ya shaka. Lakini sauti ya mama yao alipokuwa msichana, ile lugha aliyochezea na kugombana, haikuweza kuingia humo. Na tusijidanganye, sisi tuko katika hali ya Salme. Watoto wetu wanaota kwa Kiingereza.

Hapo atanyanyuka mtu aseme: basi na tuandike kwa Kiingereza, yaishe. Na tuandike, sipingi. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 akaja nchi hii akiwa kijana, ameandika riwaya zake zote kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Riwaya yake ya 2001, By the Sea, ni ya mzee wa Unguja anayefika Uingereza kuomba hifadhi, na wako wazee kati yetu ambao wakisomewa kurasa za mwanzo hunyamaza kimya. Riwaya yake Paradise ya 1994 ilifasiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Kwa hivyo wasia ulioandikwa ugenini unaweza kurudi nyumbani, lakini angalieni ilivyobidi. Ilibidi apatikane mtu ambaye bado anajua lugha zote mbili sawasawa, mpaka ndani ya mifupa. Mtu huyo hatoki katika kitabu cha maamkizi na barua. Anatoka katika nyumba au darasa ambamo lugha ilichezewa, ikapimwa, ikapindwa. Kwetu ushairi ndio mahali pa kuipinda lugha, na ndiyo maana hoja ya kwamba watoto wafundishwe kwanza kusema, kisha mashairi, mimi naiona imekaa kichwa chini. Mtoto wa miaka minne haelezwi sarufi, anaimbiwa.

Niongeze jambo moja langu mwenyewe, isije makala haya ikawa ya vitabu vitupu. Mwaka 1974, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi katika mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, nililetewa telegramu kwamba mama yangu amefariki Unguja. Ilinifikia siku ya nne. Alikwisha kuzikwa na hitima ilikwisha kusomwa. Nyumbani mtu akifiwa kuna kazi: mikeka inatandikwa, majirani wanapika, wazee wanajua la kusema, na wewe unalia wakati wa kulia kwa kuwa na wengine wanalia. Huku nilikuwa na chumba, kitanda, hita ya kutia sarafu, na zamu ya usiku. Nilisoma Kurani niliyoihifadhi, nikamwombea. Baada ya hapo nilikaa tu. Siku tatu sikulia, nikawa naogopa nafsi yangu.

Nilikuwa na kitabu cha Shaaban Robert alichoandika juu ya maisha yake. Shaaban Robert, aliyeishi kutoka 1909 mpaka 1962, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, mtu wa kuhamishwa huku na huku. Mkewe Amina alipofariki akamwachia watoto, alimtungia shairi la maombolezo, nalo limo katika kitabu hicho. Nililisoma kwa sauti, peke yangu, taratibu. Sitasema lilinifariji, kwani halikunifariji. Lakini lilikuwa na mwendo, mstari unakwenda, unapumzika katikati, unaishia kwenye kina, na mwingine unaanza; nami nikaufuata kama mtu afuatavyo jeneza, hatua kwa hatua, na katikati ya ubeti kilio kikaja. Yule alikuwa mume wa mtu amefiwa na mke, mimi nilikuwa mtoto nimefiwa na mama, hayo hayakuzuia. Usiku ule nilikwenda kazini. Hotuba gani ingeweza kunifanyia hivyo? Nilikuwa na haja ya maneno, na yangu yamekauka, nikaazimwa ya mwenzangu aliyekwisha kupita njia ile.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa yeye ilimbidi atafute yake mwenyewe. Alifungwa nchini Kenya kwa sababu ya maandishi ya kisiasa, akakaa gerezani kutoka 1969 mpaka 1972, akitengwa na wenzake. Huko alitunga mashairi akiyaandika juu ya karatasi za chooni. Yalichapwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Baadaye alikuja London, akafanya kazi Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akasomesha Leipzig. Mashairi yale ya gerezani ni makali, lakini yamepimwa kwa vina na mizani kama alivyopima Muyaka. Mtu amenyang'anywa kila kitu, na mizani hakuiacha. Huenda ndiyo iliyomshika.

Nisije nikaonekana nasifu kila chenye vina. Yako mashairi mabovu mengi, na mengine tumeyasikia katika harusi zetu wenyewe, ambapo bwana harusi ni mwezi na bibi harusi ni nyota, na mpishi anasubiri. Yako mashairi ya kuwasifu wenye nguvu kwa kutaka kupewa. Vina vinashika upuuzi sawasawa na vinavyoshika hekima, kamba haichagui mzigo. Hiyo ni sababu ya kuwafundisha watoto kuchagua.

Sasa nije kwetu. Katika nyumba zetu nyingi yamo madaftari. Mengine ni madaftari ya skuli, mengine ya hesabu za duka, yameandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa wino uliokwisha kufifia. Ziko pia kanda za kaseti, kwani katika miaka ya 1970 na 1980 wengi wetu tulipelekeana barua za sauti, na katika kanda hizo, baada ya salamu na habari za bei ya nyama, bibi fulani huanza kusoma utenzi kwa sauti ya kuvuta. Watoto wetu hawazijui herufi hizo wakiwa Waswahili. Wanazijua katika msahafu tu. Nami nimeshuhudia matokeo yake. Katika nyumba moja bibi alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, watoto wakasafisha chumba wakakuta madaftari matatu. Waliona herufi za Kiarabu na kurasa zimechakaa, wakadhani ni maneno ya Mwenyezi Mungu yasiyofaa kutupwa jaani, wakayafanyia kama inavyofanyiwa misahafu iliyochakaa, wakayazika. Hawakuwa na dharau. Adabu yao ndiyo iliyoyazika.

Moja katika madaftari yale lilikuwa na utenzi alioutunga bibi mwenyewe, juu ya safari ya watu wake kutoka Unguja baada ya Januari 1964: siku ya kuondoka, jahazini, na miezi ya kwanza ya ugenini, nani aliwapokea na nani aliwafungia mlango. Najua kwa kuwa nilikuwa nikimsikia akiusoma, na ulikuwa mrefu wa kutosha kutoka magharibi mpaka isha. Hakuna nakala. Kilichobaki ni beti kumi na moja ambazo mpwa wake anazo moyoni, tangu alipokuwa msichana wa kumtia bibi mafuta ya miguu. Nilimwomba anisomee, nikaziandika. Ubeti wa saba umepungukiwa na kipande cha tatu. Yeye mwenyewe alisimama pale pale, akasema, "Hapa pana kitu, shangazi, maana mizani hazijai na kina ni cha -ani." Tumejaribu sana. Hakikurudi, lakini tunajua mahali pake na tunajua kilivyoishia. Habari nyingine za safari ile, walizosimuliwa watoto wake kwa maneno ya kawaida, niliwauliza pia. Watoto wanne wamenipa safari nne mbalimbali, na mmoja amewapandisha ndege.

Kwa hivyo kuhusu darasa la Jumamosi nina ombi jepesi. Sitaki saa nzima, nusu saa inatosha, na hesabu zichukue iliyobaki. Watoto wahifadhi ubeti mmoja kwa wiki, kwa sauti, pamoja. Kwa mwendo huo, tukitoa likizo za skuli, utendi wa Mwana Kupona utachukua miaka miwili na nusu hivi. Wasichana wakifika kwenye mambo ya mume waachiwe wabishane naye, tena kwa Kiswahili, na mwenye kuweza atunge jibu lake kwa vipande vinne na mizani nane. Muyaka aliishi kwa majibizano, nao wataweza. Wakubwa kidogo wafundishwe herufi za Kiarabu kwa Kiswahili, si kazi ya zaidi ya miezi michache kwa mtoto aliyekwisha hitimu Kurani. Ninaowajua kati yetu wanaozisoma bila ya kukwama ni watatu, na mdogo wao ana miaka 68.

Na mwenye daftari au kanda nyumbani, asizike, asitupe, wala asimpe mtu. Aje nalo siku ya mkutano. Tutaweka meza karibu na mlango wa jikoni, ambako pana mwanga. Kila ukurasa utapigwa picha kwa simu mbele ya macho yake, kanda itanakiliwa, na daftari lake atarudi nalo nyumbani jioni ile ile. Aliye na beti kichwani tu, hata mbili, na aje pia. Mimi na mpwa wa marehemu tutakuwapo tangu saa nne asubuhi, na kalamu.